Vyombo Viwe Vyetu: Tulivyofufua Dramu Chakavu Uani

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa kata yetu, hapa Morogoro. Makamanda wengi mlioko mbali mliomba niyaweke kwenye maandishi. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikaongeza vipimo pale tu ambapo siku ile nilikuwa naonyesha kwa mikono.)



Nimepewa dakika 30 na nimeambiwa nizungumzie dramu. Najua wapo waliokuja wakitegemea siasa, na wapo waliokuja kwa sababu wamesikia kuna hesabu zitasomwa. Wote mtapata haki yenu. Ila naomba mnivumilie nianze mwanzo, maana hesabu bila maelezo ni tarakimu tu.

Mnaikumbuka ile bonanza yetu ya vijana? Tulikuwa tumeshakodi vyombo na kulipa nusu ya pesa. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, saa tatu, mwenye vyombo akanipigia simu. Akasema, "Kaka, nisamehe, vyombo sitaleta. Pesa yako nakurudishia." Nikamuuliza kulikoni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, mimi nina watoto." Basi. Sikumlaumu na leo simlaumu, na msinitake nimtaje. Mtu mwenye biashara yake ana haki ya kuogopa. Lakini asubuhi yake tulipiga madebe na ndoo, na mpiga dramu wetu, dada yetu huyu aliyekaa hapa mbele, aligeuza meza ya mama lishe kuwa dramu. Tulicheka, tukafurahi. Ila moyoni niliumia.

Hili la vyombo vya watu si geni. Wanaoujua muziki wa dansi wa nchi hii wanaelewa. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Magitaa, tarumbeta na dramu zilikuwa za chama, wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mwanamuziki akihama, anahama na kipaji chake na sauti yake, vyombo vinabaki. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park ikiwa na wanamuziki waliotoka kwenye bendi za namna hiyo, na wao wakaanza upya chini ya kampuni ya usafiri, kwa vyombo vya kampuni. Mpaka leo mitaani wanasema mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Huo si msemo wa kupambia mazungumzo, jamani. Watu waliishi hivyo.

Kwa hiyo wiki ile mkachanga. Watu 46, kila mmoja shilingi 10,000. Jumla 460,000. Mkanikabidhi mimi. Dramu mpya dukani, hata ile ya chini kabisa, hatukuifikia. Ndipo nikasikia kuna kanisa limenunua seti mpya na ile ya zamani imetupwa stoo. Nikaenda kuiona.

Ilikuwa seti ya vipande vitano. Besi ya inchi 22, tomu mbili za juu za inchi 12 na 13, tomu ya chini ya inchi 16, na snea ya bati ya inchi 14. Matoazi mawili na haihati. Plastiki ya nje ilikuwa imebanduka kama ganda la ndizi. Ngozi ya snea ilikuwa na tundu la kupita kidole gumba. Bolti zimeshika kutu. Stendi moja imekatika mguu. Nilitoa 220,000 nikaondoka nayo kwenye bajaji, watu wakinitazama kama nimebeba jeneza.

Nilipofika nyumbani mama alitoka nje, akaangalia, akasema, "Mwanangu, pesa za watu hizi?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi Mungu akusaidie." Akarudi ndani.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo nililojifunza na ndilo nataka mtoke nalo hapa. Dramu ya bei rahisi ikilia vibaya, watu husema mbao zake ni mbovu. Mara nyingi si kweli. Mzinga wa dramu rahisi ni plaiwudi ya kawaida, na plaiwudi ya kawaida inaweza kulia vizuri tu. Ubaya huwa kwenye mambo matatu: ukingo ambao ngozi inakalia, ngozi yenyewe, na jinsi ngozi ilivyokazwa. Kiwandani wanaokoa pesa kwa kuyafanya hayo haraka haraka. Na hayo matatu yote unaweza kuyarekebisha uani kwako, ukiwa na msasa, tochi na uvumilivu. Mimi vya kwanza viwili nilikuwa navyo. Cha tatu kilinipungukia, nitawaeleza.

Hatua ya kwanza ni kufungua kila kitu, na kabla hujafungua piga picha kwa simu. Kila bolti, kila washa, ipige picha. Chukua vikopo vitano, kila dramu na kikopo chake. Bolti za dramu zinafanana kwa macho, lakini nyuzi zake zinaweza kutofautiana, na ukilazimisha bolti ya kwingine utaharibu tundu lake. Kichwa cha bolti ni cha mraba na kinataka ufunguo wake maalumu. Usitumie koleo, utakimung'unya.

Bolti zenye kutu tuliziloweka kwenye siki usiku mmoja. Asubuhi tukazisugua kwa mswaki wa zamani, tukazisuuza kwa maji yenye magadi soda ili kuua ile asidi, tukazikausha juani na kuzipaka mafuta kidogo. Zile ringi za chuma zinazobana ngozi hatukuziloweka. Ni za kung'aa, na siki ikikaa muda mrefu inakula ule mng'aro. Zile unachukua karatasi ya foili, unaikunja, unaichovya kwenye maji, unasugua taratibu. Kutu inatoka na mng'aro unabaki. Dada mmoja alisema hajawahi kuona foili ikifanya kazi nyingine zaidi ya kufungia chipsi.

Halafu kuna vile vyuma vilivyofungwa ubavuni mwa mzinga ambavyo bolti zinaingia. Sisi tuliviita masikio. Ndani ya masikio ya seti nyingi za zamani kuna springi ndogo, na ile springi ndiyo inayotoa ule mlio wa "zzzz" kila unapopiga. Watu wanahangaika na mlio huo miaka na miaka, wanalaumu ngozi. Dawa yake ni pamba. Unajaza pamba kidogo ndani ya sikio, springi inatulia, unafunga. Gharama yake sifuri. Pamba nilichomoa kwenye mto wangu.

Mzinga ukishabaki mtupu, ndipo unakuja kwenye ukingo. Hapa naomba mniangalie vizuri. Ukingo ni ile sehemu ya juu ya mbao ambapo ngozi inagusa. Haujakatwa bapa, umekatwa kwa mshazari, kwa kawaida nyuzi 45, ili ngozi iguse mstari mwembamba tu. Kama mstari ule una bonde mahali, ngozi haitakaa sawa, na hata ukaze bolti mpaka kesho dramu itaendelea kulia kama sufuria lililopasuka.

Kuujua ukingo, weka mzinga kifudifudi juu ya kioo au meza iliyonyooka kabisa. Zima taa. Ingiza tochi ya simu ndani ya mzinga. Zunguka nje ukiangalia chini. Penye mwanga unaopenya ndipo penye bonde. Sisi tulifanya usiku, juu ya meza ya kioo ya sebuleni kwa mama, na besi ilikuwa safi kabisa. Tomu ya 12 safi. Tomu ya chini ilikuwa na mwanga sehemu mbili. Tomu ya 13 ilikuwa na mwanga kama mlango uliosahauliwa wazi.

Namna sahihi ya kunyoosha ni hii. Unabandika karatasi za msasa namba 120 juu ya ubao ulionyooka. Unachora kwa penseli kuzunguka ukingo wote. Unaweka mzinga juu ya msasa, unauzungusha taratibu bila kuukandamiza, mizunguko michache, unaangalia. Pale penseli ilipobaki, msasa haujafika. Unaendelea mpaka penseli iondoke kote. Kisha unarudisha ule mshazari kwa upande wa ndani, kwa msasa uliozungushiwa kipande cha mbao, ili juu ubaki mstari mwembamba na sio uwanja wa mpira. Unamaliza kwa msasa laini, namba 220, halafu unapaka nta ya mshumaa kidogo ili ngozi iteleze vizuri inapokazwa.

Hiyo ndiyo namna sahihi. Mimi tomu ya chini niliifanya hivyo, ikakubali. Ile ya 13, ilikuwa saa tano usiku, nimechoka, nataka kumaliza. Nikachukua msasa mkononi, kwa vidole, nikaanza kusugua pale palipoinuka. Vidole vina tabia ya kuzama. Nikasugua, nikasugua, nilipoweka kwenye kioo nikakuta bonde la zamani limehama na nimechimba jingine kubwa zaidi. Nikasugua tena kulifuata hilo. Nilipokuja kushtuka, ukingo ulikuwa kama meno ya bibi.

Makamanda, nilikaa chini pale uani nikaona nimeua pesa za watu.

Sasa hapa ndipo niseme ukweli wote, kwa sababu kuna mtu aliuliza kwenye kundi la WhatsApp, "Dramu ya tomu iko wapi? Mbona picha zinaonyesha nne?" Nikajibu kwamba iko kwa fundi. Haikuwa kwa fundi. Ilikuwa chini ya kitanda changu. Siku tisa. Kila nikilala naijua iko pale. Mwingine akaandika, "Pesa zimeshaliwa hizo." Nikakasirika, nikaandika maneno marefu ya kumjibu, nikayafuta. Maana nilijiuliza, yule ana kosa gani? Amechanga shilingi 10,000, na anachoulizia ni chake. Sisi kila siku tunapaza sauti tukitaka wakubwa watusomee mapato na matumizi. Mimi nimepewa laki nne na sitini, na tayari nimejificha nyuma ya neno "fundi".

Siku ya kumi nikapiga picha ule ukingo, nikaiweka kwenye kundi, nikaandika, "Nimeharibu hii kwa haraka yangu. Nitaigharimia mwenyewe." Mnajua nini kilitokea? Hakuna aliyetukana. Yule yule aliyesema pesa zimeliwa ndiye aliyeniambia jirani yao ni seremala mwenye meza ya kunyooshea mbao. Tukaenda naye. Seremala akaukata ukingo wote milimita kadhaa kuondoa uharibifu wangu, akauchonga upya ule mshazari, akanitoza 8,000. Hiyo 8,000 haimo kwenye hesabu nitakayosoma. Imetoka mfukoni kwangu. Tomu ile sasa ni fupi kidogo kuliko ilivyozaliwa, na leo ndiyo inayolia vizuri kuliko zote. Nadhani ni kwa sababu ndiyo pekee iliyopita kwenye mikono ya fundi wa kweli.

Twende kwenye sura ya dramu, maana najua wengi mmeipenda.

Ile plastiki ya zamani tuliibandua kwa draya ya nywele ya dada. Unapasha joto, unavuta taratibu, gundi inaachia. Chini yake mbao zilikuwa na mikwaruzo, tukaziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi nyeupe ya seremala, tukapiga msasa. Kisha tukavalisha kitenge. Wengi mnauliza kwa nini hakikunji na hakibanduki. Siri ni tatu.

Kwanza, fua kitenge kabla. Kitenge kipya kina wanga, na wanga unazuia gundi kuingia. Fua, kausha, piga pasi. Pili, gundi unaipaka kwenye mbao, hupaki kwenye kitambaa, na unalaza kitenge ukisukuma viputo vya hewa kwa kadi ya plastiki. Nilitumia kadi ya benki iliyokwisha muda. Tafadhali msitumie kadi ya kupigia kura, hiyo ina kazi yake. Tatu, kitenge kiishie chini kidogo ya ukingo. Kikipanda mpaka juu, ngozi itakalia kitambaa badala ya mbao, na kazi yote ya ukingo itakuwa bure. Mshono uweke upande wa nyuma, kwenye mstari wa masikio, uufiche. Matundu ya bolti unayatafuta kutokea ndani kwa msumari, unachana msalaba mdogo kwa wembe. Na kile kitundu kidogo cha hewa ubavuni usikizibe. Dramu inapumua kupitia hapo.

Baada ya gundi kukauka siku nzima, tukapaka vanishi mara tatu, kila mara tukisubiri ikauke na kupitisha msasa laini. Snea hatukuivalisha kwa sababu ni ya bati, tuliisugua tu. Kitenge pisi moja kilitosha mizinga minne, na kilichobaki tumekishonea kiti cha mpiga dramu.

Sasa ngozi. Tunaita ngozi, lakini ni plastiki. Zamani zilikuwa ngozi za ndama kweli, na mvua ikinyesha zinalegea, jua likiwaka zinakaza. Wazee wetu wa ngoma wanalijua hilo, ndiyo maana mpaka leo ngoma inaotwa moto kabla ya kupigwa. Ngozi za plastiki zilianza kuuzwa miaka ya 1950. Remo Belli alifungua kampuni yake ya ngozi hizo huko Los Angeles mwaka 1957. Toka hapo mpiga dramu hamwogopi tena mvua.

Ukiwa na pesa ndogo, zielekeze kwenye ngozi za juu, zile zinazopigwa. Za chini zikiwa hazijatoboka, zioshe na uzirudishe. Ila kwenye snea muwe macho: ngozi yake ya chini ni nyembamba mno, karibu theluthi moja tu ya unene wa ile ya juu. Ukiibonyeza kwa kidole ukitafuta sauti, umeipoteza. Na zile springi za chini za snea zikipinda hata moja, seti yote inaunguruma. Zetu zilikuwa zimepinda kama nywele za asubuhi, tukanunua mpya.

Kukaza ngozi kulinichukua jioni tatu kujifunza. Kuna mzee jirani yetu, ujana wake alipiga dramu kwenye bendi za hapa Morogoro. Mji huu, msisahau, ndio mji wa Mbaraka Mwinshehe. Mzee alikuja na kigoda chake, akakaa, akaniangalia nikikaza bolti moja mpaka mwisho halafu inayofuata. Akasema, "Mjukuu wangu, unafunga tairi la gari kwa kuzunguka?" Nikasema hapana babu, unafunga kwa kukingamisha. Akasema, "Basi na hapo hivyo hivyo."

Unakaza bolti zote kwa vidole kwanza, mpaka zote ziguse. Kisha ufunguo, nusu mzunguko kwa kila bolti, na kila ukimaliza moja unakwenda ile inayoikabili upande wa pili. Mikunjo ikiisha, weka kiganja katikati ya ngozi ukandamize. Utasikia inalia kidogo, usiogope, inakaa mahali pake. Kisha gonga kwa kidole karibu na kila bolti, kama sentimita tatu kutoka kwenye ringi. Ikilia juu kuliko nyenzake, legeza. Ikilia chini, kaza robo. Unatafuta sauti moja kuzunguka pande zote. Kwa tomu, ngozi ya chini iwe imekazwa kidogo zaidi ya ile ya juu. Besi unaikaza kidogo tu, pale mikunjo inapoisha, kisha ndani unaweka blanketi liguse ngozi zote mbili, utapata ile "dum" fupi badala ya "duuuum" ya pipa tupu.

Na msione aibu kuweka kitambaa. Ringo Starr wa The Beatles aliwahi kurekodi akiwa amefunika dramu zake kwa taulo za jikoni. Alikuwa na dramu za bei mbaya na bado taulo ikahitajika.

Pedali ya besi tuliisafisha kwa mafuta ya taa, tukaipaka grisi, ikaacha kulia kama bawaba. Stendi iliyokatika mguu ilikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Mipira ya kulinda tundu la toazi lisisagwe na chuma cha stendi tulikata kwenye kipande cha mpira wa kumwagilia maji, na vile visahani laini vya juu na chini ya toazi tulivikata kwenye kapeti chakavu.

Nimebakiza matoazi, na hapa sitawadanganya. Matoazi hayafufuki. Matoazi mazuri ni shaba iliyochanganywa na bati, yale ya hali ya juu yana karibu asilimia 20 ya bati ndani yake. Ya kwetu ni shaba na zinki, mchanganyiko wa bei rahisi, na hakuna kusugua kutakakobadilisha hilo. Moja lilikuwa na ufa wa sentimita mbili ukingoni. Tulitoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kukua. Sauti yake bado ni ya mfuniko wa sufuria. Ukinunua seti kuukuu, ujue mizinga utaiokoa lakini matoazi utayanunua siku moja. Hilo ni lengo letu linalofuata, na safari hii tutachanga tukijua tunachangia nini.

Sasa hesabu. Katibu ana risiti zote, na zile za vitu visivyo na risiti tumeandika kwenye daftari na shahidi amesaini. Fuatilieni.

Kununua seti: 220,000. Ngozi ya snea: 25,000. Ngozi za tomu mbili: 40,000. Ngozi ya tomu ya chini: 30,000. Ngozi ya besi: 45,000. Springi za snea: 15,000. Msasa, gundi na vanishi: 32,000. Kitenge: 18,000. Bolti na washa zilizopungua: 10,000. Fundi wa kuchomelea: 5,000. Usafiri: 10,000. Jumla 450,000. Mlichanga 460,000. Salio shilingi 10,000, hii hapa, naikabidhi kwa katibu mbele yenu.

Tulikuwa tunakodi dramu kwa 50,000 kila shughuli. Kwa hiyo shughuli ya tisa seti hii itakuwa imejilipa, na baada ya hapo tunapiga bure. Lakini kwangu hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba hakuna simu ya saa tatu usiku itakayotunyima dramu tena.

Naomba kikao kipitishe mambo matatu. Dramu iandikwe kwenye daftari la mali za vijana wa kata, isiandikwe kwa jina langu. Ufunguo wa dramu ukae kwa mpiga dramu na mwingine kwa katibu. Na kila Jumamosi jioni uani kwetu pawe wazi kwa kijana yeyote anayetaka kujifunza kukaza na kupiga, awe wa kwetu au wa upande wa pili. Mama amekubali, mradi tuishie saa mbili.

Mama pia alinipa neno nimalizie nalo. Siku tulipopiga mara ya kwanza, dada yetu akakaa, akapiga taratibu, besi ikatoa ile "dum", majirani wakachungulia. Mama akatoka, akaigusa ile tomu fupi, akaangalia kitenge. Akauliza, "Na wale wenye pesa zao wameiona?" Nikamwambia wataiona Jumapili. Akasema, "Basi wakishaiona ndiyo ulale."

Leo mmeiona. Nafikiri nitalala.

Mapambano yanaendelea.